Waendesha Mashtaka Waombao Kura: Habari za Philadelphia

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyezoea kusikia kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka huteuliwa na Rais, na kwa upande wa Kenya baada ya kuidhinishwa na Bunge, huenda akaona ni kioja kuambiwa kwamba katika miji ya Marekani mtu wa cheo kama hicho, ambaye kwa kalamu yake raia aweza kutiwa gerezani au kuachwa aende zake, hubandika picha yake ukutani, hupita mitaani akiwashika watu mikono, na huomba kura kama aombavyo diwani. Kioja hicho kina tarikh yake, na mji wa Philadelphia ni mahali pazuri pa kuitazama.

Desturi hii haikuzaliwa pamoja na Jamhuri ya Marekani. Katika jimbo la Pennsylvania, ambamo Philadelphia ndio mji mkubwa, mashtaka ya jinai yaliendeshwa hapo awali na manaibu walioteuliwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na aghlabu nafasi hizo, kama nyingine nyingi za zama hizo, ziligawiwa marafiki na wafuasi wa waliotawala. Hata ilipofika mwaka 1850, wakati majimbo mengi yalipokuwa yakiwaachia wapiga kura kazi ya kuwachagua majaji na maofisa wa mahakama, Pennsylvania nayo ikatunga sheria kwamba mwendesha mashtaka wa kila wilaya achaguliwe na watu wenyewe, kwa muhula wa miaka mitatu. Nia ilikuwa njema, kumtoa mtu huyo katika mikono ya wakubwa wa chama. Lakini uchaguzi wa kwanza kabisa wa Philadelphia ulitiwa hila: Horn R. Kneass akatangazwa mshindi, mpinzani wake William B. Reed akaenda kulalamika mahakamani, na majaji, baada ya kuzichunguza kura na kukuta ghilba ndani yake, wakampa Reed kiti hicho mwaka 1851. Ndivyo cheo cha kuwashtaki wadanganyifu kilivyoanza safari yake kwa kesi ya udanganyifu.

Tena cheo chenyewe hakikuwa kizito wakati huo. Philadelphia ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa mji wa daawa za kila siku: mke aliyepigwa, jirani aliyetukanwa, mwenye duka aliyeibiwa, kila mmoja alikwenda mwenyewe kwa mwamuzi wa mtaa, aliyeitwa alderman, akalipa ada, akamfungulia mashtaka aliyemdhulumu, na mara nyingi wawili hao wakapatana njiani kabla kesi haijafika mbele ya majaji. Mwamuzi huyo aliishi kwa ada hizo, basi hakuwa na sababu ya kumrudisha mtu mlangoni. Mwendesha mashtaka alipokea aliyoletewa. Uwezo wa kuchagua, yaani nani ashtakiwe, kwa kosa gani, na nani asamehewe, ulimjia pole pole, kadiri polisi wa kulipwa mshahara walivyozidi baada ya mji kuunganishwa na vitongoji vyake mwaka 1854, na waamuzi wale wa mitaa walipoondolewa na katiba mpya ya jimbo, iliyoanza kutumika mwaka 1874. Kwa rai yangu hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika habari hizi, ingawa hakuna aliyelipigia kura: mamlaka yaliyo mapana kuliko ya jaji, maana jaji huhukumu lile tu lililofikishwa mbele yake, yakaingia mikononi mwa mtu aliyechaguliwa kwa madhumuni mengine kabisa.

Miongo iliyofuata naipita upesi. Chama cha Republican kiliushika mji huo barabara, na mwendesha mashtaka aliyekubaliwa na wakuu wa chama hakuwa na haja ya kuwabembeleza wapiga kura, mpaka mwaka 1951, ambapo Richardson Dilworth wa chama cha Democratic alikinyakua cheo hicho kwa ahadi ya kufichua ufisadi wa serikali ya mji. Miaka minne baadaye akachaguliwa kuwa meya. Arlen Specter, aliyekuwa mfuasi wa Democratic na msaidizi katika ofisi hiyo hiyo, aligombea kwa tiketi ya Republican mwaka 1965, akamwangusha mkubwa wake wa zamani, na baada ya kupanda na kushuka kwingi akafika Baraza la Seneti, alikokaa miaka 30. Edward Rendell, aliyeshinda mwaka 1977, akawa baadaye meya, kisha gavana. Mtu aliyetazamia makubwa alikwisha kujua kwamba kiti hiki si mwisho wa safari.

Na hapo ndipo matakwa ya wapiga kura yalipoanza kuielekeza kalamu. Hatia zaweza kuhesabiwa, na hukumu za kifo zaweza kutangazwa katika magazeti. Bali kijana aliyeonywa na kuachwa, au shauri lililofutwa kwa kukosa ithibati, halionekani na mtu, ila siku aliyeachwa anapofanya jambo baya. Ronald Castille, mwendesha mashtaka wa Philadelphia tangu 1986 hadi 1991, alipogombea ujaji wa Mahakama Kuu ya jimbo mwaka 1993 aliwakumbusha wapiga kura kwamba watu 45 wamepelekwa kungojea kifo wakati wa uongozi wake. Na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hakustahili kuketi kama jaji katika shauri ambalo yeye mwenyewe, zamani za uendeshaji mashtaka, aliidhinisha mshtakiwa aombewe kifo. Lynne Abraham, aliyemfuata, alipewa na jarida la gazeti la New York Times, mwaka 1995, sifa ya mwendesha mashtaka mwenye kuua kuliko wote. Ilhali katika jimbo zima la Pennsylvania, tangu adhabu hiyo iliporudishwa katika miaka ya 1970, waliouawa kwa hukumu ni watu watatu tu, na wote watatu waliacha kwa hiari yao kukata rufaa. Kifo hicho, basi, kilitajwa majukwaani zaidi kuliko kilivyotekelezwa.

Liko jambo moja la mwaka 1997 ambalo huonyesha vyema jinsi kampeni na haki zilivyochanganyika. Mpinzani wa Abraham alikuwa Jack McMahon, aliyepata kufanya kazi katika ofisi hiyo, na Abraham akatoa hadharani mkanda wa video wa miaka kumi nyuma, ambamo McMahon aliwafunza waendesha mashtaka vijana namna ya kuchagua wazee wa baraza la mahakama, akiwashauri kuwaepuka Weusi wa mitaa maskini na hata watu wenye akili nyingi. Mafunzo hayo yalikaa kabatini miaka yote hiyo, mpaka uchaguzi ulipoyapa thamani.

Aliyefuata, Seth Williams, alijiuzulu mwezi Juni 2017 baada ya kukiri kosa la rushwa. Lakini kabla hajaondoka, watu saba walikuwa wamekwisha kushindana mwezi Mei kwa tiketi ya Democratic, na aliyeshinda ni Larry Krasner, wakili wa haki za raia ambaye hakupata kuendesha mashtaka hata siku moja, na aliyewashtaki polisi mara zipatazo 75. Tangu 1850 wagombea waliomba kura kwa kueleza watakayowatendea washtakiwa. Huyu aliomba kwa kutaja atakayoyaacha: hataomba kifo, hatadai dhamana ya fedha kwa makosa madogo, hatamfuatilia mtu kwa kukutwa na bangi kidogo. Bilionea George Soros alitoa zaidi ya dola milioni moja kumsaidia, jambo ambalo wapinzani wake hawakuliacha lisahauliwe. Wiki yake ya kwanza ofisini, Januari 2018, aliwafukuza watumishi 31, na punde si punde akawaagiza waliobaki, wakati wa kuomba kifungo, waieleze mahakama gharama ya kumweka mtu huyo gerezani.

Mauaji mjini yalipofika 562 mwaka 2021, wengi walimtwika lawama, ingawa yalizidi vilevile katika miji ambayo waendesha mashtaka wake walikuwa wakali. Na yaliposhuka hadi 269 mwaka 2024, sioni kwamba sifa ni yake peke yake pia. Krasner alipogombea muhula wa pili, chama cha polisi kiliwahimiza wafuasi wa Republican wajiandikishe Democratic ili wampigie kura Carlos Vega, mmoja wa wale waliofukuzwa, naye akashindwa vibaya. Mwezi Novemba 2022 wawakilishi wa jimbo walipitisha mashtaka ya kumwondoa Krasner kwa kura 107 dhidi ya 85, lakini Mahakama Kuu ya jimbo ikayabatilisha mwaka 2024. Katikati ya mashindano hayo, jimbo likatunga sheria mwaka 2023 ya kumpa Mwanasheria Mkuu uwezo wa kumteua mwendesha mashtaka maalumu kwa makosa yatendekayo katika treni na mabasi ya Philadelphia.

Mwezi Mei 2025 Krasner alimshinda Patrick Dugan, aliyekuwa jaji, katika uchaguzi wa awali wa chama. Wafuasi wa Republican wakaliandika jina la Dugan kwa mkono kwenye karatasi zao za kura hata akawa mgombea wao, wawili hao wakakutana tena mwezi Novemba, na Krasner akapata takriban robo tatu ya kura zote na muhula wa tatu.