Kuhamishika kwa Maktaba ya Msimbo: Istilahi na Mfano wa Saa ya Manyoni

Katika uandishi wa programu za kompyuta, maktaba ni mkusanyo wa kazi zilizokwisha kuandikwa, kama vile kusoma faili, kubana picha au kutaja saa, ambazo programu nyingine huziita pale zinapozihitaji badala ya mwandishi wake kuziandika upya. Huenda neno ghala lingefaa zaidi, kwa kuwa msimbo huu huchukuliwa ukatumike na si ukasomwe, lakini maktaba limekwisha kuzoeleka na hakuna faida ya kulipinga. Kinachohitaji maelezo marefu zaidi ni sifa ya maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C ambayo msimbo wake mmoja hukubalika katika mifumo endeshi mbalimbali, yaani katika zile programu za msingi zinazoiongoza mashine, kama vile Linux, Windows, macOS na Android.

Sifa hiyo inaweza kutafsiriwa kwa kitenzi kubeba au kwa kitenzi kuhama. Kubebeka ni sifa ya wepesi na udogo, nayo hukifaa zaidi kifaa kuliko msimbo, maana ipo misimbo mizito sana inayokubalika kila mahali. Kuhamishika kuna kasoro yake pia, kwa sababu anayehama huacha alikotoka: mteja wa simu anayetumia huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba, iliyoanza Tanzania mwaka 2017, hawi tena mteja wa kampuni ya awali, ilhali msimbo uliopelekwa Windows hubaki Linux vilevile. Hata hivyo, kuhamishika ndilo neno linalotumika hapa, kwa sharti kwamba ieleweke ni kitu gani kinachohama. Kinachohama ni msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo mtu huyaandika na kuyasoma. Maagizo yanayotendwa na mashine hayahami hata kidogo, bali hutengenezwa upya katika kila mfumo na programu iitwayo kompaila. Kwa hiyo uhamishikaji wa maktaba ya C ni uwezo wa msimbo chanzo kuzaa matokeo yaleyale kila unapopitishwa katika kompaila ya mfumo mwingine.

Mfano ulio karibu na msomaji wa Kiswahili ni maktaba ya saa za kanda, ijulikanayo kwa kifupi kama tz. Mji wa Manyoni, uliopo kwenye Reli ya Kati mahali inapochepuka njia ya kwenda Singida, uko takriban katika longitudo ya nyuzi 34 na dakika 50 mashariki. Kwa hesabu ya jua peke yake, saa yake ingetangulia ile ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 19 hivi, ilhali saa rasmi ya Afrika Mashariki hutangulia kwa saa 3 kamili, na ndiyo maana jua la adhuhuri hufika utosini mwa watu wa Manyoni yapata saa sita na dakika 41. Saa ya mji, basi, ni makubaliano ya kiserikali ambayo mashine haiwezi kuyakisia, ni lazima ielezwe. Wakala wa fedha za simu karibu na stesheni anapopokea ujumbe wa muamala, simu yake huenda ni ya Android, seva iliyoutuma huenda ni ya Linux, na kompyuta ya ofisi inayochapa ripoti ya jioni huenda ni ya Windows. Zikitofautiana kwa saa moja tu, hesabu za siku hazitalingana.

Hifadhi ya tz ilianzishwa Marekani katika miaka ya 1980 na Arthur David Olson, kisha ikaratibiwa na Paul Eggert, na msimbo wake, isipokuwa faili chache, hauna hakimiliki, kwa hiyo kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Sehemu yake moja ni jedwali la kanda, na nyingine ni msimbo wa C unaolisoma jedwali hilo. Android na mifumo ya jamii ya BSD imeuchukua msimbo huo. Linux kwa kawaida hutumia msomaji wake mwingine, lakini husoma faili za muundo uleule. Windows ina jedwali lake lenyewe lenye majina yake, hivyo programu nyingi zinazohamia huko hulazimika kubeba jedwali la tz au orodha ya kulinganisha majina.

Manyoni haimo katika jedwali la tz. Iliyomo ni Africa/Dar_es_Salaam, na hata hilo leo ni jina la pili tu linaloelekeza kwenye Africa/Nairobi, kwa kuwa tangu mwaka 1970 miji hiyo miwili haijatofautiana saa. Hapa uhamishikaji unaonekana kwa karibu. Programu ya zic, ambayo huligeuza jedwali kuwa faili za mashine, inapolikuta jina la Dar es Salaam hujaribu kwanza kuipa faili moja majina mawili; mfumo ukikataa, hutengeneza kiungo cha ishara, yaani faili ndogo inayoonyesha ilipo faili halisi; na hilo nalo likishindikana, hunakili faili nzima ya Nairobi baiti kwa baiti. Mtumiaji hapati dalili yoyote ya njia iliyotumika. Alama za kuchagua njia, kama HAVE_SYMLINK, zimewekwa katika faili moja ya utangulizi badala ya kutawanywa kila mahali, na huo ni ustadi unaostahili kuigwa, kwa maana tofauti za mifumo zikisambaa ndani ya msimbo wote hakuna atakayeweza kuzirekebisha.

Tofauti nyingine hazionekani kwa macho. Aina ya namba iitwayo long huwa na biti 64 katika Linux ya biti 64, lakini katika Windows ya biti 64 hubaki na biti 32, hivyo msimbo unaohifadhi sekunde katika long hufanya kazi upande mmoja na kuharibika upande wa pili. Mkato wa EAT-3, ambao ndio kanuni ya saa ya Afrika Mashariki katika faili za tz, nao huwapotosha wengi: alama ya kutoa haimaanishi kuchelewa, bali ukanda ulio mashariki ya Greenwich.

Hapa ndipo linapozuka suala la istilahi ya pili. Kazi ya kuiweka maktaba katika hali ya kuhamishika huitwa mara nyingi matengenezo, neno linalodokeza kwamba kuna kitu kimevunjika. Utunzaji ni bora, kwa sababu maktaba huzeeka hata pasipo kuguswa: kompaila hubadilika, mifumo mipya huja, na serikali hutoa maamuzi. Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021, na toleo la 2021a la tz likatolewa Januari hiyohiyo. Simu ambayo haikupata toleo hilo iliendelea kudhani kwamba Juba na Manyoni zina saa ileile. Msimbo wenyewe haukuwa na kosa lolote. Utunzaji waweza kukatizwa hata na sheria: mwaka 2011, ambao hifadhi ilipata makao katika taasisi ya kimataifa inayosimamia namba na majina ya intaneti, kesi ya hakimiliki iliyofunguliwa dhidi ya Olson na Eggert ilikuwa imeizima kwa muda, na kesi hiyo ilifutwa mwaka 2012.

Utunzaji una gharama, na anayelipa si mtunzaji peke yake. Kumbukumbu za Dar es Salaam za kabla ya mwaka 1970 zimehamishiwa faili ya kando ambayo kwa kawaida haijumuishwi, ingawa inaonyesha kwamba kuanzia 1948 hadi 1961 saa ya Tanganyika ilitangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Mtafiti anayepanga kwa kompyuta nyaraka za miaka ya 1950, bila kuiomba faili hiyo, atapewa saa ya Nairobi na kukosea kwa dakika 15. Uamuzi huo una mantiki kwa watu wachache wanaotunza dunia nzima, lakini ni vigumu kuutetea mbele ya mwanahistoria.

Mtihani mkubwa zaidi bado uko mbele. Mashine zinazohesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa namba ya biti 32 zitaishiwa namba tarehe 19 Januari 2038, ambapo huko Manyoni itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi. Faili za tz zimekwisha kupewa sehemu ya biti 64. Maktaba zinazozisoma ndani ya mita za umeme, mashine za risiti na simu kuukuu zitategemea kama yupo aliyezitunza.