Watafiti wazee wanapoangalia nyuma: antropolojia ya Kongo na sauti za watu wenye waliwafundisha

Mutu mugeni akifika mu kijiji na daftari na kinasa sauti, ulizo la wazee linakuwa moja: maneno yetu haya yataenda wapi? Ulizo hilo si la wanakijiji peke yao. Baadhi ya wanaantropolojia wakubwa wenye walifanya kazi Kongo walirudilia kazi yao kisha miaka mingi, wakaipima upya. Wengine walikubali wazi kwamba kuko mambo hawakuyaona vizuri wakiwa vijana.

Antropolojia ni nini?

Ni elimu ya kuchunguza namna watu wanavyoishi: ndoa, mashamba, ibada, utawala, hadisi. Njia yake kubwa ni kukaa na watu kwa muda murefu, kujifunza luga yao, kusikiliza, kisha kuandika. Wakati wa ukoloni, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watafiti wa IRSAC, taasisi ya Wabelgiji yenye ilikuwa na kituo kikubwa Lwiro, mu Kabare, Kivu ya Kusini.

Walikale: siku 12 za kusimulia

Daniel Biebuyck, Mubelgiji, alifanya utafiti kwa Wabembe, Walega na Wanyanga. Mwaka 1956, kwa Wanyanga wa Walikale, musimulizi Candi Rureke alimutolea hadisi ya shujaa Mwindo. Aliisimulia, akaiimba na kuicheza kwa siku 12. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, na juu yake kuko majina mawili: Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa Kongo mwenye alishirikiana naye. Jina la Rureke nalo limeandikwa ndani. Ni jambo kubwa, juu vitabu vingi vya wakati ule vinasema tu «wazee wanasema», bila kutaja ni muzee gani.

Kasai: mutu kujisahihisha mwenyewe

Jan Vansina alisomea historia ya Ulaya ya kale. IRSAC ikamutuma kwa Wakuba wa Kasai, akaanza kazi huko mwaka 1953. Wakati ule wasomi wengi walisema kwamba watu bila maandishi hawana historia. Kumbe Wakuba walikuwa wanatunza habari za zamani mu nyimbo na hadisi. Mwaka 1961 Vansina alitoa kitabu cha kuonyesha kwamba masimulizi ya mudomo yanaweza kuwa ushuhuda wa historia, kama maandishi.

Wasomi wengine walimupinga: hadisi inabadilika kufuatana na mwenye kuisimulia na faida anayotafuta. Vansina hakuziba masikio. Mwaka 1985 aliandika kitabu kingine kipya juu ya jambo lile lile. Alikubali kwamba kila hadisi inabeba pia mambo ya leo, lakini akashikilia kwamba ukilinganisha hadisi nyingi unaweza kufikia ya zamani. Mwaka 1994 akatoa kumbukumbu za maisha yake mu kazi ya Afrika. Alifariki mwaka 2017.

Kasai vilevile, Mary Douglas wa Uingereza alianza utafiti kwa Walele mwaka 1949. Aliporudi mwaka 1987, alikuta vita kali juu ya uchawi, wazee wakishitakiwa na kuteswa kwa jina la dini. Yeye mwenyewe alikuwa Mukatoliki, na jambo hilo lilimuumiza. Walele wa kitabu chake cha 1963 hawakuwa tena wale aliowakuta. Kitabu kinabaki pale kilipoandikwa, watu wanaendelea.

Katanga: sisi wote tuko mu wakati mumoja

Johannes Fabian, Mujerumani, alifika Katanga mwaka 1966 kuchunguza Jamaa, chama cha dini chenye kilianza na Padri Placide Tempels kati ya wafanyakazi wa migodi. Kisha alifundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Mwaka 1983 aliwashitaki wenzake kwa kosa moja: mutafiti anakaa na watu, anakula nao, anazungumuza nao, lakini akifika kwao anawaandika sawa vile wanaishi mu wakati wa zamani, mbali na yeye.

Mwaka 1974, mu Lubumbashi, Fabian alizungumuza kwa Kiswahili na muganga Kahenga, mwenye alimufungia nyumba kwa dawa ili iwe salama. Alinasa mazungumuzo hayo. Kitabu juu yake kilitoka mwaka 2008 tu, miaka 34 kisha. Fabian aliweka pia maneno yenyewe ya Kiswahili kwenye intaneti. Hivi, mutu wa Lubumbashi, Kalemie ao Bukavu anaweza kusoma maneno ya Kahenga mwenyewe, na kuona kama mutafiti aliyafasiri vizuri ao vibaya.

Sisi tufanye nini?

Masomo ya hawa wazee yanatuhusu, juu watafiti wangali wanakuja, na wengi leo ni wana wa Kongo. Mutu akiomba kukurekodi, uko na haki ya kumuuliza: jina langu litaandikwa ao litafichwa? Kuko wakati wa kulitaja ili lisipotee, na kuko wakati, zaidi mu hali hii ya vita, wa kulificha juu ya usalama. Nakala ya sauti itabaki wapi? Utarudi kutuonyesha uliyoandika?

Na tusingojee mugeni. Ukiwa na telefone na muzee mwenye kukubali, rekodi. Taja pale mwanzo jina lake, kijiji, tarehe na luga. Weka nakala mbili, moja ibaki kwa jamaa yake. Rureke alisimulia siku 12, na leo tunajua ni yeye juu kuko mutu aliandika jina lake.