Nyumba, Mwezi na Kamera: Historia ya Kupanga Harusi katika Mwambao wa Afrika Mashariki

Katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam, familia inayoandaa harusi hukabiliwa na maswali matatu ambayo siku hizi hujibiwa karibu kwa mpigo mmoja: sherehe ifanyike wapi, ifanyike lini, na picha zipigwe na nani na kwa namna gani. Mawili ya kwanza ni ya kale, ingawa kwa muda mrefu hayakuhitaji mjadala mkubwa, kwa kuwa mahali palikwisha kuamuliwa na ujamaa na wakati ulifuata mwezi mwandamo. La tatu ni geni kuliko yote, na hata hivyo ndilo lililokuja kuyapindua majibu ya wenzake, hata ikafika siku ambapo kamera huchagua mahali, na mahali napo huchagua tarehe.

Mahali pa asili pa harusi ya mwambao ni nyumbani kwa bibi harusi. Nikaha, yaani tendo la kisheria la kufunga ndoa kwa idhini ya walii, mashahidi na makubaliano ya mahari, ni jambo fupi ambalo wanaume hulimaliza msikitini au barazani kwa muda usiofika saa moja, na kwa hiyo halikuwahi kuwa na shida ya nafasi. Uzito wote ulikuwa upande wa wanawake, ambako maandalizi yalichukua siku kadhaa: kusinga kwa singo, ambayo ni mchanganyiko wa vitu vya manukato unaosuguliwa mwilini ili kung'arisha ngozi, kutia hina na piko mikononi na miguuni, kufukiza udi, na mafunzo ya faragha aliyoyatoa somo au kungwi, mwanamke wa makamo aliyekabidhiwa kumlea mwari hadi siku yake. Kazi hizo zote zilihitaji ua, maji, moto na mlango unaofungika, na si ajabu kwamba nyumba zenyewe zilijengwa zikijua kwamba siku moja zitafanyiwa harusi.

Hili linaonekana wazi kuliko kokote katika nyumba za mawe za Lamu, nyingi kati yake zikiwa za karne ya 18. Mgeni alipokewa kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, kisha, ikiwa anaruhusiwa kuendelea, aliingia kiwandani, yaani ua wa ndani usioezekwa, na kutoka hapo vyumba virefu vyembamba vilifuatana kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa na faragha zaidi ya kilichotangulia. Ukuta wa mwisho ulipambwa kwa zidaka, yaani safu za vijishubaka vya chokaa iliyochongwa, ambamo ziliwekwa sahani za kaure na vyombo vya thamani. Bibi harusi alipoonyeshwa kwa wanawake wenzake, akiwa ameketi amefumba macho, na viganja vimewekwa juu ya mapaja ili michoro ya piko ionekane, mandhari ya nyuma yake ilikuwa tayari. Katika familia za kiungwana za mji huo baba alimpa binti yake nyumba, au sehemu ya nyumba, na bwana harusi ndiye aliyeletwa kwa maandamano na kuingizwa humo, akakaa ndani siku saba za fungate. Kuuliza harusi ifanyike wapi, katika mazingira hayo, kungekuwa kuuliza binti ni wa nani.

Si kila mtu alikuwa na jumba la mawe. Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Bagamoyo ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903, anauonyesha mji ambamo harusi ilikuwa mali ya mtaa mzima, yenye ngoma, karamu na malipo madogo madogo yaliyotolewa katika kila hatua. Nyumba ya udongo yenye baraza mbele na uani nyuma iligawa kazi vilevile: wanaume mbele, wanawake nyuma, na barabara iliyo katikati ya nyumba na nyumba ikawa uwanja wa vugo, ngoma ya wanawake inayopigwa kwa pembe za ng'ombe au nyati, na ya lelemama, ambayo vyama vyake mjini Mombasa na Unguja vilishindana kwa mavazi na kwa ukarimu hadi wanachama wengine wakafilisika.

Kuhusu wakati, mwambao ulikuwa na kalenda mbili zisizolingana, na historia ya msimu wa harusi kwa kiasi kikubwa ni historia ya kutolingana huko. Kalenda ya dini hufuata mwezi, na Waswahili waliipanga kwa kuhesabu kutoka Ramadhani: Shawali ni Mfunguo Mosi, Dhulkaada ni Mfunguo Pili, na hivyo hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani hubaki na majina yao. Kalenda ya kazi hufuata jua na pepo: kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, kusi hushika katikati ya mwaka, na vuli hufuata mwishoni. Harusi zilisongamana katika Mfunguo Mosi, kwa sababu mwezi wa toba umepita na familia zimekwisha kukusanyika kwa Idi, na pia kwa sababu ya mapokeo kwamba Mtume alimwoa Bi. Aisha katika Shawali. Zilisongamana tena katika Shaabani, kabla mlango haujafungwa. Mfunguo Tano ulihesabiwa na wengi kuwa mwezi wa nuhusi, yaani wa kisirani, na waliotaka uhakika walimwendea mnajimu awapimie nyota za wachumba na kuwatajia siku njema. Kwa jamii za Kishia za Unguja na Mombasa, kama Ithnaashari, Mfunguo Nne na sehemu kubwa ya Mfunguo Tano ni kipindi cha maombolezo ya Imamu Hussein, na humo haifungwi ndoa.

Tatizo ni kwamba mwaka wa mwezi una siku 354 hivi, hivyo kila mwaka Mfunguo Mosi hurudi nyuma kwa siku zipatazo 11 na kuzunguka misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Kizazi kimoja huoa wakati wa kaskazi, ua ukiwa mkavu na jamaa wa ng'ambo wameshushwa na majahazi. Kizazi kingine huoa katikati ya masika, kuni zimelowa na ngoma imekimbilia barazani. Idi ya mwaka 1990 iliangukia mwishoni mwa Aprili, na ile ya 2023 ikaangukia karibu tarehe zilezile. Wakulima wa karafuu wa Unguja na Pemba walikuwa na hesabu yao nyingine, ya fedha za mavuno, nayo haikujali mwezi wala Idi. Aliyepanga harusi alipima mambo haya yote, lakini alikuwa na nafuu moja ambayo mrithi wake hana: nyumba haikukodishwa, na mvua ikizidi sherehe iliweza kusogezwa kwa siku mbili.

Kamera iliingia mwambaoni katika nusu ya pili ya karne ya 19, na kwa miongo mingi ilikaa mikononi mwa Wagoa na Wahindi. Mjini Unguja studio ya A. C. Gomes ilitangulia, Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, Mombasa ilipata Parekh Studio katika miaka ya 1940, na Lamu ikapata studio ya Omar Said Bakor, mwenyeji aliyejulikana kwa picha alizozikata na kuziunganisha, hata sura ya mtu ikachomoza katikati ya petali za ua. Katika hatua hiyo picha haikuwa na sauti katika upangaji wa harusi. Maharusi walikwenda studio baadaye, mara nyingi fungate ikiwa imekwisha, wakapangwa mbele ya pazia lililochorwa nguzo au bustani, mume akiwa na kanzu, joho na pengine jambia kiunoni, mke akiwa ameketi, na mkono wenye piko umewekwa mahali pa kuonekana. Studio ilikuwa zidaka za kukodi, zilizopatikana hata kwa yule ambaye hakuwahi kuwa na ukuta wa mawe.

Mgogoro ulizuka kamera ilipotaka kuingia ndani ya nyumba. Uzuri wa bibi harusi ulikuwa umeandaliwa kwa macho ya wanawake na ya mume wake tu, ilhali mpiga picha alikuwa mwanamume asiye maharimu, yaani asiye na undugu wa karibu unaomhalalishia kumwona, na picha yenyewe iliweza kutoka nje ya mlango ambao bibi harusi mwenyewe hakutoka. Kila familia ilitafuta suluhisho lake: wengine walimpa mpiga picha dakika chache za mwanzo kisha wakamtoa, wengine walihifadhi albamu kabatini chini ya ufunguo wa mama. Mkanda wa video, ulioenea miaka ya 1980, uliukoleza ugomvi huo, kwa sababu wageni nao walinaswa wakicheza bila buibui, na nakala zilipelekwa Maskati, Dubai na London kwa jamaa waliotawanyika baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Ni vigumu kuwalaumu waliozipeleka. Kwa shangazi aliyeko Maskati mkanda huo ndio uliokuwa harusi.

Dar es Salaam ndiko ukumbi ulikoichukua nafasi ya nyumba. Jiji lilikuwa limerithi kumbi za enzi ya ukoloni zilizojengwa kwa makusudi mengine: Arnautoglo ya Mnazi Mmoja, yenye jina la mkulima Mgiriki wa mkonge, na Diamond Jubilee ya Upanga, ambayo jina lake latokana na maadhimisho ya miaka 60 ya uimamu wa Aga Khan wa Tatu mwaka 1946. Unguja nako, Hoteli ya Bwawani ilifungua ukumbi wake miaka ya 1970. Wakazi wa jiji walitoka makabila na dini mbalimbali, nyumba zao za kupanga hazikuwa na uani wa kutosha, na turubai lililofungwa katikati ya mtaa lilihitaji ridhaa ya majirani na anga. Ndipo ikazaliwa kamati ya harusi, kundi la ndugu, marafiki na wafanyakazi wenza wanaokutana kila wiki kukusanya michango, na kamati yoyote jambo lake la kwanza ni kushika ukumbi kwa malipo ya awali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hudai taarifa ya siku 21 tu kabla ya ndoa kufungwa. Ukumbi hudai miezi.

Hapo mpangilio wa kale ukapinduka. Siku saba zikabanwa katika saa sita za Jumamosi usiku, na taa za ukumbi, jukwaa la maharusi na pambo la kitambaa nyuma yao vikawekwa kwa kipimo cha lenzi. Misimu nayo haikutoweka bali ilihamia kwenye daftari la meneja wa ukumbi. Wakristo wengi hawafungi ndoa wakati wa Kwaresma, zile siku 40 za toba kabla ya Pasaka, na mwaka 2025 Kwaresma na Ramadhani zilianza zikiachana kwa siku chache tu mwanzoni mwa Machi, zikaziacha kumbi za jiji katika ukimya ambao wapambaji na wapiga matarumbeta waliuhisi mfukoni. Kwa Wachaga wa jiji hilo, Desemba hubaki mwezi wa harusi za Kilimanjaro, kwa kuwa ndugu wote wamekwisha kupanda mlimani kwa Krismasi.

Katika harusi za Kiislamu za mwambao mabishano ya kamera hayajakwisha, ila yamehamia mlangoni. Katika sherehe nyingi za wanawake za Mombasa na Unguja simu hukusanywa kwenye kikapu mgeni anapoingia, na kazi ya picha hupewa wanawake pekee, ambao wamejipatia biashara kutokana na marufuku hiyohiyo. Nje, kwenye fukwe za Unguja, wageni kutoka Ulaya hufunga ndoa kwa kalenda ya jua peke yake: huja kusi na kaskazi, na masika yakianza baadhi ya hoteli hufunga milango. Kwa miaka kadhaa mpango huo haukuwagusa wenyeji, kwa sababu Mfunguo Mosi uliangukia masika. Sasa unarudi nyuma. Kufikia mwaka 2030 Idi itakuwa mwanzoni mwa Februari, kaskazi ikiwa imetulia na mahoteli yamejaa, na bustani zilezile zenye mwanga mzuri wa jioni zitatakiwa na maharusi wa pande zote mbili katika wiki zilezile.