Manispaa Nne za Dar es Salaam na Barabara Zilizozikuza

Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano: Jiji lenyewe, ambalo eneo lake ni wilaya ya Ilala, na manispaa nne zinazolizunguka, yaani Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Barabara kuu nne hutoka katikati ya mji na kutawanyika kama vidole vya kiganja: ya Bagamoyo kaskazini, ya Morogoro magharibi, ya Pugu (leo Nyerere) kusini magharibi, na ya Kilwa kusini. Makazi yalifuata barabara hizo, na manispaa zikafuata makazi. Kigamboni peke yake ilicheleweshwa na maji.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Alipofariki mwaka 1870 ujenzi ulizorota, hadi Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Waingereza waliuteka mwaka 1916. Chini ya wakoloni watu walikaa kwa kutengwa kirangi: Wazungu ufukweni hadi Oyster Bay, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Kariakoo ilikuwa imefurika, na serikali ikajenga nyumba za kota Ilala, Magomeni na Temeke. Kwa Magomeni, mji ulivuka bonde la Mto Msimbazi. Kwa Temeke, ulishika njia ya kusini.

Kinondoni inapanda na pwani hadi Mto Mpiji. Ndani yake mna makazi yaliyoutangulia mji wenyewe. Huko Kunduchi, kijiji cha wavuvi, yapo magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 18; mabakuli ya kaure ya China yalipachikwa kwenye nguzo hizo kuwa pambo, ushahidi kwamba wenyeji walishiriki biashara ya Bahari ya Hindi. Mbele kidogo, mawe ya chokaa ya Wazo yamelisha kiwanda cha saruji tangu 1966.

Ubungo ni manispaa ya Barabara ya Morogoro. Chuo Kikuu kilihamia Mlimani mwaka 1964, na kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Wageni kutoka bara walijipatia vyumba vya kupanga Manzese, na nyumba zikasogea hadi Kimara na Mbezi. Mabasi ya mwendokasi yalianza kwenye barabara hiyo mwaka 2016, na mwaka 2021 stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilihama Ubungo kwenda Mbezi.

Temeke inajulikana kwa viwanda vya Chang'ombe, mafundi seremala wa Keko na Uwanja wa Mkapa. Kwenye Barabara ya Kilwa, Mbagala imegeuka kutoka mashamba ya minazi na mikorosho kuwa mji mnene.

Kigamboni iko ng'ambo ya lango la bandari. Kwa miaka mingi njia ya mkato ilikuwa pantoni ya Magogoni: abiria wenye baiskeli, matenga ya samaki na sare za shule walisubiri pamoja geti lifunguliwe, na pantoni ikiharibika, shughuli zote zilisimama. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016, na bei ya viwanja ikapanda.

Utawala nao ulibadilika. Mji ulipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na ya jiji mwaka 1961. Halmashauri yake ilifutwa wakati wa sera ya Madaraka Mikoani, ikarudi mwaka 1978, ikavunjwa tena mwaka 1996 na kuachia Tume ya Jiji. Mwaka 2000 Halmashauri ya Jiji ilirudi, na pamoja nayo zikaanza manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Miaka kumi na tano hivi baadaye Kinondoni ilimegwa ikatoka Ubungo, na Temeke ikatoa Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji.

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, lakini watu hawakuacha kumiminika Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 mkoani: Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Karibu watu saba katika kila kumi wanaishi katika manispaa hizo nne, nje ya mipaka ya Jiji.