Diski ya Kabatini

Sisi tuliosomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya sabini hatukuonyeshwa kompyuta chuoni. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kisha mwaka 1974 Serikali, baada ya kuona hasara, ikapiga marufuku kuingiza mashine hizo. Mimi wakati huo nilikuwa ndiyo kwanza nashika chaki. Nayasema haya, ndugu msomaji, si kwa kujitetea, ingawa pengine ni kujitetea kidogo.

Mwaka 2008, Njombe ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa, nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari si mbali na hapa Mjimwema ninapoandikia. Wafadhili walituletea kompyuta 10 mpya, tupu, hazina mfumo endeshi. Kabatini kwangu, pamoja na mihuri, nilikuwa na diski ya Windows XP niliyoitunza kama hati ya kiwanja. Nikampa mwalimu kijana aisimike. Kila mashine ikajibu vilevile: haioni diski kuu yoyote.

Nilimwita ofisini. "Mwalimu, zimekuja nzima, umezigusa wewe, sasa zimekufa."

"Hazijafa, Mkuu. Diski yetu ni ya zamani, haizifahamu."

Nilidhani ananifanyia ujeuri. Sidii haina hata mkwaruzo, itazeekaje? Nikachukua ufunguo wa chumba, nikaandika barua ya onyo. Kompyuta zikafunikwa vitambaa, na kidato cha nne wa mwaka ule wakamaliza bila kuzigusa.

Kumbe diski ya kusimikia ni kama daftari la mahudhurio lililoandikwa Januari. Mwanafunzi aliyehamia Juni yumo darasani, lakini mwalimu akiita majina hamwiti. Windows XP ilitoka mwaka 2001. Diski kuu za aina ya SATA zilianza kuuzwa 2003, na programu ndogo ya kuzungumza nazo, waiitayo draiva, haikuwamo katika nakala yetu. Ulikuwapo mlango mmoja: kubonyeza F6 wakati wa kusimika na kuingiza flopi yenye draiva. Mashine zetu mpya hazikuwa tena na tundu la flopi! Ilibaki kunakili diski nzima kwenye kompyuta nyingine, kupachika draiva ndani yake, na kuchoma sidii upya.

Hata watengenezaji wenyewe hufanya hivyo. Ubuntu, mradi ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulitoa toleo 12.04 Aprili 2012. Februari 2013 zikatoka diski nyingine za toleo lilelile, zenye kiini kipya, ili mashine za karibuni zitambulike.

Kijana yule alikwenda Makambako Jumamosi mbili, kwa nauli yake, akatafuta draiva kwenye kibanda cha intaneti. Februari 2009 aliniomba ufunguo. Kufikia jioni mashine zote 10 zilikuwa zinawaka, nami nimesimama mlangoni sijui niseme nini. Nilimwomba radhi mbele ya walimu wenzake. Barua ya onyo, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kwenda ngazi za juu; niliandika nyingine ya kuifuta, sikujibiwa.

Mmoja wa wale wa kidato cha nne ana kibanda cha kuchapa barua mjini Njombe. Nilimwuliza kompyuta alijifunzia wapi. "Makambako, Mwalimu," alisema, "kwa kulipia."