Washindi Kumi na Mmoja: Msimu wa Langalanga wa 1982

Alhamisi ya tarehe 21 Januari 1982 magari yalikuwa tayari Kyalami, uwanja wa mbio ulioko kati ya Johannesburg na Pretoria, lakini madereva karibu wote hawakuonekana. Walikuwa wamepanda basi na kuondoka. Niki Lauda, aliyekuwa amerejea mchezoni baada ya kustaafu kwa miaka miwili, aliisoma fomu ya leseni mpya kwa makini na kukuta mambo ambayo wenzake wengi hawakuyaona. Fomu ilimtaka dereva aandike jina la timu yake na muda wa mkataba, ili kuhama kwake kuwe mikononi mwa wakubwa, na tena ilimziba mdomo asiwakosoe watawala wa mchezo. Lauda akamweleza Didier Pironi, kiongozi wa chama cha madereva, na mgomo ukaanza.

Usiku ule walijifungia katika chumba kimoja cha hoteli mjini Johannesburg, wakalala juu ya magodoro yaliyotandikwa sakafuni. Kulikuwa na piano, na Elio de Angelis akawapigia. Gilles Villeneuve naye akajaribu mkono wake. Teo Fabi aliponyoka usiku na kurudi kwa mwajiri wake, jambo lililomgharimu heshima mbele ya wenzake. Kesho yake makubaliano yakapatikana, na Jumamosi mbio zikafanyika. Alain Prost alipata pancha, akaporomoka hadi nafasi ya nane, kisha akawapita wote na kushinda. Mbio zilipokwisha tu, wakubwa wakaigeuka ahadi yao, wakawatoza waliogoma faini.

Mgomo huo haukuhusu ubaguzi wa rangi, na hilo linafaa kusemwa wazi. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika ususiaji wa Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa New Zealand ilikuwa imecheza raga na Afrika Kusini. Langalanga haikuwa na haya ya namna hiyo. Iliendelea kwenda Kyalami hadi 1985.

Wengi wakiusimulia msimu wa 1982 huanza na vifo vyake. Mimi naona ni afadhali kuanza na fomu ile, kwa sababu inaonyesha mchezo ulikuwa mali ya nani. Upande mmoja alikuwapo Jean-Marie Balestre, rais wa FISA, shirikisho lililotunga kanuni. Upande wa pili alikuwapo Bernie Ecclestone na FOCA, umoja wa timu ambazo nyingi zilikuwa za Uingereza. Renault na Ferrari, zenye injini za turbo, zilisimama na shirikisho. Timu za FOCA zilitegemea zaidi injini ya Cosworth isiyo na turbo, nyepesi, ya bei nafuu, lakini yenye nguvu pungufu. Wangezibaje pengo hilo?

Wakaliziba kwa maji. Gari halikuruhusiwa kuwa chini ya kilo 580, ila kanuni ilikubali vimiminika kama mafuta ya injini na maji ya kupozea vijazwe tena kabla ya kupimwa uzito. Basi Brabham na Williams wakafunga matangi ya maji, wakadai ni ya kupozea breki. Gari likiondoka tu maji yalimwagwa, likakimbia likiwa jepesi kuliko kanuni ilivyotaka, na baada ya mbio tangi likajazwa upya. Brazil, mwezi Machi, Nelson Piquet alishinda kwa namna hiyo, akazimia jukwaani kwa joto na uchovu, na Keke Rosberg akawa wa pili. Renault na Ferrari wakakata rufaa, Piquet na Rosberg wakafutiwa matokeo, ushindi akapewa Prost. Timu nyingi za FOCA zikalipiza kwa kususia mbio za Imola tarehe 25 Aprili.

Kwa hiyo yaliyotokea Imola yalitokea katika uwanja wenye magari 14 tu. Renault zote mbili ziliharibika, zikabaki Ferrari mbili mbele peke yake, ya Villeneuve na ya Pironi. Mafundi wakanyanyua ubao wa kuwataka wapunguze mwendo. Villeneuve alielewa kwamba nafasi zibaki zilivyo, na kila alipokuwa mbele alipunguza kasi ili mafuta yasiishe. Pironi hakuelewa hivyo, au hakutaka kuelewa. Mzunguko wa mwisho alimpita kwenye kona ya Tosa, akashinda. Villeneuve akaapa kutosema naye tena.

Siku 13 baadaye, huko Zolder, Ubelgiji, Pironi alikuwa amemzidi kwa sehemu ndogo ya sekunde katika majaribio ya kupanga nafasi za kuanzia. Villeneuve akatoka kwa mara ya mwisho. Mbele yake Jochen Mass alikuwa akirudi taratibu. Alipomwona akasogea kulia ampishe, na Villeneuve naye akachagua kulia. Gurudumu likapanda juu ya gurudumu, Ferrari ikaruka hewani na kuvunjika, dereva akarushwa nje pamoja na kiti chake. Alifariki usiku huo, akiwa na miaka 32.

Kisa cha usaliti wa Imola kimeuza vitabu vingi, na siwezi kusema hasira haikuwamo garini siku ile. Lakini matairi nayo yana kesi ya kujibu. Katika majaribio kila gari lilitumia seti mbili tu za matairi laini mno, yenye uwezo wa kukimbia kwa kasi kamili mzunguko mmoja au miwili. Dereva aliyemkuta mwenzake njiani hakuwa na nafasi ya kupunguza mwendo na kujaribu tena. Magari yenyewe yalikuwa na umbo chini ya tumbo lililoyanyonya kuelekea lami, na ili mnyonyo huo usikatike, springi zilikazwa hadi zikawa karibu kama chuma kitupu. Madereva walitetemeshwa mifupa, macho yakaona ukungu, na wengi walisema waziwazi kwamba magari hayo hayakuwa ya kuendesha bali ya kuelekeza tu.

Monaco, mwezi Mei, ilileta kichekesho. Manyunyu yalianza mizunguko iliyobaki ikiwa michache. Prost, aliyeongoza, akagonga vizuizi. Riccardo Patrese akachukua uongozi, gari likamzunguka kwenye kona kali na injini ikazima. Pironi akapita, naye gari likamfia ndani ya handaki katika mzunguko wa mwisho. Andrea de Cesaris akaishiwa mafuta. Derek Daly, ambaye gari lake lilikwisha kupoteza mabawa kwa kujigonga, akaharibikiwa giaboksi. Kumbe Patrese alikuwa kwenye mteremko: walinzi wa njia walimsukuma, gari likaserereka, injini ikawaka. Akamaliza wa kwanza bila kujua kwamba ameshinda.

Mwezi Juni, Montreal, Pironi alizimikiwa na gari mstari wa mbele, na Riccardo Paletti, kijana wa miaka 23, akamgonga kwa nyuma na kufa. Agosti, Hockenheim, katika mvua, Pironi mwenyewe aliruka juu ya Renault ya Prost asiyoiona kwa ukungu wa maji. Miguu ikavunjika vibaya. Alikuwa akiongoza kwa pointi 39; hakukimbia tena langalanga.

Hapo mlango ukamfungukia Rosberg, Mfini mwenye masharubu ambaye mwaka uliotangulia hakupata hata pointi moja. Williams walimchukua baada ya Alan Jones kustaafu, na Carlos Reutemann alipoacha mchezo baada ya mbio mbili tu, akawa tegemeo la timu. Gari lake lilibeba tangazo la Saudia, shirika la ndege la Saudi Arabia, na nyuma yake lilikuwa na Cosworth ileile. Alikuwa wa tatu Hockenheim na wa pili Austria, akimfuata de Angelis kwa sekunde 0.05. Kisha akashinda mashindano ya Uswisi, ambayo yalifanyika Dijon, Ufaransa, kwa sababu Uswisi ilikuwa imepiga marufuku mbio hizo baada ya maafa ya Le Mans ya 1955.

Mbio za mwisho zilikuwa Las Vegas, katika maegesho ya hoteli ya Caesars Palace. Ili awe bingwa, John Watson alihitaji kushinda, na Rosberg aambulie patupu. Watson alikuwa wa pili nyuma ya Michele Alboreto. Rosberg wa tano, pointi mbili, jumla 44. Washindi 11 katika mbio 16, na bingwa mwenye ushindi mmoja tu. Wapo wanaoubeza ubingwa huo. Hesabu yao inasahau pointi sita alizonyang'anywa Brazil na Imola ambako timu yake haikwenda.

Kabla mwaka haujaisha, FISA iliamuru kwamba kuanzia 1983 matumbo ya magari yawe bapa.