Glasi mbili kwa senti tano: vyombo vya wakati wa shida Marekani

Siku ya kukimbia mtu anachukua chombo gani? Sufuria, bidoni, na shitingi kama ipo. Glasi ya kioo hubaki kabatini, maana njiani itavunjika. Leo tusimulie habari za glasi zilizotengenezwa Marekani wakati watu wa kule nao walipopoteza kazi na nyumba. Wajukuu wao wanazitafuta mpaka leo.

Mwezi wa 10 mwaka 1929, soko la hisa la New York lilianguka. Benki kwa maelfu zilifungwa, na akiba za watu zikapotea humo. Kufikia 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Familia nyingi zilitolewa mashambani na katika nyumba zao, wengine wakajenga vibanda vya mabati na mbao chakavu pembeni ya miji.

Viwanda vya vioo vilikuwa vingi Ohio, Pennsylvania, West Virginia na Indiana, kwa kuwa mchanga na gesi ya kuwashia tanuru vilipatikana karibu. Kabla ya hapo, glasi nzuri ilitengenezwa kwa mkono na ilikuwa ya wenye pesa. Kiwanda cha Hocking, mjini Lancaster, Ohio, kikaleta mashine ya kukandamiza kioo cha moto ndani ya kalibu, vipande 90 kwa dakika moja. Ndipo glasi mbili zikauzwa kwa senti tano.

Kioo hicho kilikuwa na viputo vya hewa na mistari ya kalibu. Michoro ya maua na nyavu ilisaidia kuficha kasoro hizo. Wakatia na rangi: waridi, kijani, rangi ya asali, buluu nzito.

Vyombo vingi havikununuliwa. Wauza shayiri waliviweka ndani ya pakiti ili mama achague pakiti yao. Majumba ya sinema yalikuwa na usiku wa vyombo: ukikata tiketi unapewa kimoja, ukitaka seti ikamilike urudi wiki ijayo. Ilikuwa biashara, haikuwa huruma. Lakini kwenye meza yenye supu nyepesi, glasi ya waridi iliweza kuwa kitu kizuri pekee nyumbani.

Rangi hizo zinatugusa sisi Wakongomani. Buluu nzito hutoka kwenye kobalti. Baadhi ya glasi za kijani zina urani kidogo, ndiyo maana zinawaka chini ya taa ya urujuanimno. Miaka ya 1920, Katanga yetu ilikuwa kati ya watoaji wakubwa kabisa duniani wa madini hayo mawili. Mgodi wa Shinkolobwe ulichimbwa kwa ajili ya radiamu, na urani iliuzwa kwa watia rangi wa vioo na vyungu. Wakati wa vita kuu ya pili, urani ya Shinkolobwe ilipelekwa Marekani kwa kazi ya bomu la atomiki, na viwanda vya vioo vikazuiwa kuitumia. Habari za glasi hizo huwataja wenye viwanda. Sisi tuwataje pia waliochimba na kuchambua mawe yale kwa mikono yao.

Baada ya vita pesa zilirudi, na vyombo vya wakati wa shida vikafungwa kwenye maboksi. Miaka ya 1960 watu wakaanza kuvitafuta minadani. Mwaka 1970, Hazel Marie Weatherman alitoa kitabu cha kutambulisha viwanda na michoro, na mwaka 1974 wakusanyaji wakaunda chama cha taifa. Kisha vikaja vya kuiga. Mwaka 1976, kiwanda cha Federal kilitoa upya mchoro wake wa Madrid, lakini kikaweka alama ya 76 ili watu watofautishe. Si wote walioiga waliokuwa waaminifu hivyo, kwa hiyo mnunuzi hupapasa, hupima urefu, hutazama rangi.

Glasi za kunywea zilishikwa kila siku, na watoto pia, kwa hiyo nyingi zilivunjika. Ile iliyobaki bila ufa mdomoni ina bei. Lakini kioo chenyewe ni kilekile cha senti tano. Wengi wanaoitafuta wanakumbuka mezani kwa bibi.

Kwa familia zilizo kambini, vyombo vingi vimebaki kule tulikotoka, na vingine vimeibiwa. Habari zake bado tunazo: vilinunuliwa soko gani, nani alivileta siku ya harusi, wageni gani walinywea. Bibi akiwa bado yupo, mwulizeni jioni hii, na mtoto aandike majibu kwenye daftari lake.